Fulana Kumi na Moja Zisizo na Mwaka

Siku mliyoniaga mlinunua keki na chai ya karak, mkanizunguka kwenye meza ya kukunjia, mkaniambia niseme neno. Nikasema ahsanteni, nikakaa. Bi Zuwena, mpokea oda wetu, akasema, "Miaka minane, neno moja," mkacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilipopanda basi la kampuni kurudi kambini yakanijia yote niliyotaka kuyasema. Ndiyo haya. Yamenichukua wiki mbili kuyaandika, kwa sababu niliishia darasa la saba na mkono wangu haujazoea kalamu kama ulivyozoea mkasi. Okello na Njeri, ninyi ndio mnaobaki na meza yangu, kwa hiyo ninawaandikia ninyi. Wengine wakisoma, sawa.

Kwenye keki Bi Zuwena aliandikisha kwamba nimestaafu. Nina miaka ishirini na minane. Yeye anasema kazi ya presi ya kuchapa fulana haihesabiwi kwa umri, inahesabiwa kwa mgongo, na mgongo wangu ulishafika. Habari za vyeo sitaziandika. Nilifanywa mkuu wa meza asubuhi moja ambapo mezani tulikuwa mimi na feni.

Nilifika hapa Al Quoz, Dubai, mwezi wa pili, nikitokea Singida, kwa majaribio ya miezi sita. Karakana mnaijua: kulia duka la matairi, kushoto wakata marumaru, na vumbi la marumaru linalopita chini ya mlango kana kwamba nalo lina mkataba na sisi. Wakati ule hapakuwa na lile pazia la plastiki mlangoni. Ukifungua mlango rangi ikiwa mbichi, unachapa rangi na vumbi pamoja.

Aliyenipokea ni Owiti, ambaye hamkumkuta. Alikuwa mtu wa Kisumu, mrefu, miwani yake imefungwa waya upande mmoja, na alikuwa amesimama mbele ya presi ile kwa miaka kumi na miwili. Hakunifundisha kwa maneno mengi, jambo lililonifaa, maana mimi si mtu wa kujibu maswali mbele ya watu. Alinionyesha namna ya kuvalisha fulana kwenye kibao bila kukunja bega, na namna ya kukokota rangi mara moja tu, mkono ukiwa na uzito uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fulana ikitoka kwenye oveni, vuta herufi kwa vidole gumba viwili. Herufi ikipasuka, haijaiva, irudishe. Alinifundisha pia kulinganisha maandishi na karatasi ya mteja, herufi moja moja, kutoka mwisho kuja mwanzo. Kiingereza sikukijua, kwa hiyo sikuwa na njia nyingine. Owiti alisema ndiyo sababu macho yangu hayakosei: wanaojua kusoma husoma kile wanachotarajia kukiona.

Siku ya kwanza alinipa kitambaa cha kufutia rangi. Kilikuwa kipande cha fulana mpya, pamba nzito, kina herufi tatu kubwa zilizokatwa katikati. Kwetu fulana kama ile mtu angekwenda nayo harusini. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini tunafutia rangi nguo mpya.

"Hao walishindwa," Owiti akasema, akaendelea na kazi.

Nilikaa na jibu hilo hadi mwezi wa tano. Ndipo nikaelezwa, na ninyi nawaeleza mapema, kwa sababu Mei haisubiri mtu aelewe.

Kule Uingereza, chini ya Ligi Kuu kuna ligi nyingine ya timu ishirini na nne. Mbili za juu hupanda daraja moja kwa moja. Nne zinazofuata, kuanzia ya tatu hadi ya sita, huingia kwenye mechi za mchujo: nusu fainali za nyumbani na ugenini, kisha fainali moja London. Moja inapanda, tatu zinabaki pale zilipokuwa. Timu imecheza mechi arobaini na sita tangu Agosti, halafu yote yanaamuliwa jioni moja. Bi Zuwena alisema ni sawa na kufunga mwezi mzima halafu Idi ikapigiwa kura.

Hapa Dubai kuna mashabiki wa kila timu ya kule, wafanyakazi wa maofisi na wazee waliokaa miaka mingi, na kila timu ina kundi lake. Fainali ikiwakutanisha, makundi mawili hukodi kumbi mbili za hoteli moja Al Barsha, zimetenganishwa kwa ukuta wa kukunja. Kila kundi linataka, kipenga cha mwisho kikilia, watu wavae palepale fulana zinazosema timu yao imepanda. Lakini haohao wanaamini kwamba anayeagiza fulana kabla ya mechi ameiloga timu. Yaani wanataka fulana ziwepo, na hawataki ziwe zimeagizwa.

Kazi yetu ilizaliwa hapo. Kila kundi huwa na mtu mmoja anayejitwisha huo mzigo. Anakuja Al Quoz peke yake, anaongea na Bi Zuwena, na wenzake hawaambiwi. Sisi tunamwita mwenye siri. Fulana huwa arobaini, boksi halina maandishi, alama ndogo tu pembeni. Maboksi yote mawili hupelekwa hotelini kwa gari moja na kukaa kwenye ujia wa jikoni. Boksi la washindi huingia ukumbini, na watu hujifanya limeshuka kutoka mbinguni. La walioshindwa hurudi Al Quoz, na kesho yake asubuhi hukatwa lote. Hayo ndiyo matambara yetu ya mwaka mzima. Mwaka mmoja mchujo haukutuletea kazi, tukanunua matambara dukani kama watu wengine, na hayakunyonya rangi vizuri.

Majina ya timu siyaandiki. Walitaka siri, na hakuna aliyesema siri hiyo inaisha lini.

Mwaka wangu wa kwanza aliyekuja alikuwa Mista Ken. Mnamjua kama mzee wa kofia nyeupe anayeleta biskuti. Wakati ule hakuleta biskuti. Aliingia, akageuka kuangalia mlango mara mbili, akakaa kwenye kiti cha plastiki kama mtu aliyekuja kupima damu. Timu yake ni ile ya jezi za milia. Ilishuka daraja akiwa kijana mwenye mtoto mchanga, na tangu hapo haikurudi. Baadaye Bi Zuwena alituambia kwamba mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kwamba lile kundi la hotelini ndio watu pekee aliobaki nao hapa mjini.

Bi Zuwena alimuuliza kama aweke na mwaka chini ya maneno, kama wafanyavyo wengine. Mista Ken akainua mkono kama anayezuia gari. Maneno yatosha, alisema. Kuweka mwaka ni kumchokoza Mungu mara mbili.

Kwa hiyo tulichapa maneno matupu ya Kiingereza yanayosema tumepanda, milia miwili juu, milia miwili chini. Nilizivuta zote arobaini kwa vidole gumba. Hakuna iliyopasuka.

Siku ya fainali, saa kumi na mbili jioni, mimi na Owiti tulisimama kwenye ujia wa jikoni, maboksi mawili miguuni. Skrini hatuioni pale. Nikauliza tutajuaje. Owiti akasema, "Sikiza viti, usisikize kelele. Kelele wanapiga wote. Viti vinaangushwa na mwenye kushinda peke yake." Hilo lishikeni, litawafaa kuliko simu, maana mtandao wa ujia ule ni mbovu.

Viti vilianguka upande wa pili. Upande wa milia hakikusogea hata kimoja. Baada ya muda Mista Ken akatoka, kofia mkononi, akamtikisia Owiti kichwa. Aliuliza jambo moja tu, kama zitakatwa. Owiti akamwambia kesho asubuhi, sir. Akashukuru, akarudi ndani kukaa na wenzake.

Asubuhi ile Owiti alikwenda soko la Al Ras kufuata mzigo wa vitambaa. Akaniachia boksi na mkasi wake mkubwa, ule wenye mpini uliozungushiwa uzi mweusi. Nilikata kama nilivyoagizwa: shingo, mikono, kifua vipande vinne. Nilipomaliza fulana ya ishirini na tisa, nikaweka mkasi chini.

Chumbani kwetu kambini tulikuwa na timu. Walinzi wa mageti kutoka Uganda na Kenya, mimi, na Mtanzania mwingine mmoja. Ijumaa alfajiri, kabla jua halijawa kali, tulicheza kwenye mchanga nyuma ya maghala. Nahodha wetu alikuwa mlinzi wa kutoka Masaka tuliyemwita Ssalongo, kwa kuwa ni baba wa mapacha. Kila mtu alivaa nguo yake, na wapinzani nao vilevile. Ijumaa iliyotangulia kipa wetu alikuwa amemrushia mpira mtu wa upande wa pili na kumwambia, "Twende, kaka." Yule kaka akaenda, akafunga.

Nikahesabu zilizobaki kwenye boksi. Kumi na moja. Zingekuwa kumi, nadhani ningeendelea kukata.

Sikuiona kama wizi. Niliona ninaokoa nguo. Nilijiambia London ni mbali, na mchangani kwetu hakuna anayejua nani kapanda na nani kashuka. Niliziweka kwenye mfuko wa mchele, nikazipeleka kambini. Zilikuwa za saizi ya wazee wa Kiingereza. Walinzi wetu walipozivaa, walifanana na watu waliovaa kanzu fupi. Ssalongo alifurahi hata akanishika kichwa kwa mikono miwili.

Ijumaa hiyo tulipasiana sisi kwa sisi kwa mara ya kwanza. Tulifungwa tatu, lakini kwa utaratibu.

Mnajua kuna ghala pale nyuma lililogeuzwa kiwanja cha mchezo wa raketi. Mtu mmoja wa kundi la Mista Ken alikuwa anakwenda kucheza huko asubuhi ile. Akaona Waafrika kumi na mmoja kwenye mchanga, wamevaa fulana mpya zinazosema timu yake imepanda, siku nne baada ya kulia mbele ya skrini. Akasimamisha gari, akapiga picha, akaituma kwa wenzake wote. Aliuliza swali moja tu: nani aliziagiza?

Jumamosi Mista Ken alikuja na ile picha kwenye simu. Hakupandisha sauti. Aliiweka simu mezani kwa Bi Zuwena, akavua kofia. Bi Zuwena aliitazama, akamwita Owiti. Owiti naye aliitazama, akaja hadi kwenye presi, akaizima. Presi haikuwahi kuzimwa saa nne asubuhi.

"Dogo, zile fulana ulizikata?"

"Nilizikata."

"Zote?"

Niliangalia vidole vyangu.

"Mimi siulizi mara ya tatu," Owiti akasema.

Nikamwambia kumi na moja hapana. Nilidhani atanifokea. Alivuta kiti, akakaa, jambo ambalo nalo sikuwahi kuliona mchana. Akaniambia, "Unajua tunazikata kwa nini? Si kwa sababu ya kitambaa, bana. Hawa watu wanaamini kitu kimoja tu, na huyu mzee amekivunja kwa ajili yao. Sasa watasema yeye ndiye aliwafungisha. Na si leo. Kila mwaka, hadi azikwe."

Bi Zuwena alikuwa amesogea karibu. "Na mkewe hayupo," akasema polepole. "Akitengwa na wale, mwanangu, Ijumaa zake atakaa na nani? Na kiyoyozi?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekikata na nilichokuwa sijakikata. Arbabu, mwenye karakana, naye alisikia. Alisema kwa kifupi kwamba uamuzi ni wa mteja. Mista Ken akiondoka na kundi lake, mimi nami khalas, nirudi kwetu kabla miezi sita haijaisha. Owiti alimfikishia Mista Ken maneno hayo, na kwamba mimi ni mgeni, na fulana nilizipeleka kwa watu gani. Mzee akaniangalia. Akauliza wanacheza lini tena. Akaambiwa Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Akavaa kofia, akaondoka.

Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko miaka iliyofuata. Nilifanya kazi vizuri mno, kama mtu anayetaka kuacha meza safi. Kila nilipofuta fremu nilikuta kitambaa cha milia mkononi. Kambini nilimwambia Ssalongo azikusanye fulana, nikamweleza kisa. Akafikiri, akasema, "Ssebo, bwana wangu, tukizificha tutaonekana wezi. Tutazivaa, tena zimefuliwa." Akazifua mwenyewe.

Ijumaa Mista Ken alikuja na kiti cha kukunja, na hakuja peke yake. Alikuwa na wenzake watatu, mmoja wao yule aliyepiga picha. Owiti, aliyekuja kwa teksi kunisimamia, alinong'ona kwamba mzee amekwishawaambia mwenyewe. Aliwaambia tangu Jumamosi ileile kwamba ni yeye aliyeagiza. Sasa walikuwa wamekuja kuona alichokiagiza.

Walisimama ukingoni mwa mchanga, mikono nyuma. Sisi tukasimama upande wa pili, kumi na mmoja, tumefuliwa. Mimi nilitaka mchanga unimeze, lakini mchanga wa Al Quoz una zege chini.

Ssalongo ndiye aliyevuka. Mlinzi hasemi na mgeni akiwa amesimama ovyo, kwa hiyo alikaza mgongo, akasalimia, good morning sir, akampa mzee mkono. Kisha akashika ile fulana kifuani, akauliza kwa nia njema kabisa, maana ligi hizo hakuzifuatilia:

"Sir, hii timu yenu ilipanda?"

Mista Ken aliyasoma yale maneno kifuani kwa Ssalongo. Wenzake waliangalia chini.

"Bado," akasema.

Yule aliyepiga picha ndiye aliyeanza kucheka, halafu wote, na mzee mwishoni. Akafungua kiti chake, akakaa. Tulifungwa mbili siku hiyo. Mista Ken alitufundisha kupanga ukuta wa faulo, na kwa miaka iliyofuata, miezi ya baridi, alikuja mara nyingi kuliko baadhi ya wachezaji.

Adhabu alipewa, msidhani wale watu ni wepesi. Msimu mzima uliofuata alikaa mlangoni mwa ukumbi, karibu na choo, mgongo kwa skrini, akisimuliwa mechi. Aliitumikia yote. Msimu ulipoisha walimrudishia kiti chake, lakini alikuwa amezoea mlangoni, akabaki hapo.

Mimi nilibaki pia. Kuhusu zile fulana, Owiti alisema kazi ikishaharibika iharibike vizuri. Akazipiga namba mgongoni, moja hadi kumi na moja.

Tangu mwaka huo tulibadilisha desturi. Boksi likirudi, tunamuuliza kwanza mwenye siri kama zikatwe. Karibu wote husema kata. Mmoja aliomba kuja kukata mwenyewe, tukampa mkasi na chai. Ulizeni kila mara, hata kama uso wa mtu umeshajibu.

Miaka ya katikati naifupisha. Kulikuwa na mwaka ambao watu hawakuruhusiwa kukusanyika, fainali ikachezwa uwanja mtupu, na sisi tukachapa barakoa. Kulikuwa na mwaka ambao timu zote mbili zilikuwa nyekundu, na jasho la kiganja changu likafuta alama ya chaki. Viti vikaanguka upande wa kushoto na mimi sijui boksi lipi ni la kushoto. Ilinibidi nitoboe tundu kwenye kona na kuvuta pindo kwa kidole. Ndiyo maana alama sasa huchorwa kwa kalamu ya wino, pande mbili. Kisha Owiti akarudi Kisumu. Aliniachia mkasi, akaniambia nisiunoe kwa jiwe la wakata marumaru hata wakinibembeleza.

Mwaka huu, kama mlivyoona, timu ya milia ilimaliza ya sita. Ikashinda nusu fainali. Mista Ken alikuja na biskuti, akala mbili yeye mwenyewe, akatuambia, "Safari hii msichape. Nilishaadhibiwa." Bi Zuwena akakubali. Neno la mteja ni neno. Upande wa pili, timu nyekundu, alikuja Madam Ruth, na yeye aliagiza arobaini. Mlizichapa ninyi. Mlitaka kumuuliza kama anataka mwaka, nikawazuia, na hamkujua kwa nini. Tangu siku ya Mista Ken sijawahi kumkumbusha mteja habari ya mwaka. Akitaka, atasema.

Ile wiki nilikwenda kumwona Ssalongo. Timu yetu imebadilika, wanne wamerudi makwao, na kila aliyerudi alikwenda na fulana yake. Moja iko Mbale, moja Kakamega, mbili nyingine sijui. Zilizobaki ni saba. Milia imefifia, namba tatu ina kiraka, ya kipa imechanika begani. Lakini nilizivuta herufi kwa vidole gumba, na baada ya miaka minane ya mchanga na sabuni hazikupasuka. Nilijivuna kidogo, nakiri. Nilizifua kwa mkono, nikazikunja, nikazitia kwenye boksi, nikapiga alama pande mbili. Nilimweleza Bi Zuwena, kwa sababu bila yeye nisingethubutu. Alifikiri akasema, "Kakwambia usichape. Umechapa?" Nikasema sijachapa. "Basi nenda."

Okello ulikuwa garini, Njeri ulikuwa dukani, kwa hiyo hili hamkuliona. Nilisimama ujiani peke yangu, maboksi mawili miguuni. Kwa muda mrefu kulikuwa na kelele za kawaida. Kisha kimya pande zote mbili, kile cha watu kuzuia pumzi. Halafu viti vikaanguka. Upande wa kulia. Milia. Vilianguka vingi mno hata mpishi mmoja akachungulia.

Mista Ken anakaa mlangoni, kwa hiyo alikuwa wa kwanza kutoka. Macho yake yalikuwa mekundu, mikono haijui pa kukaa. Aliniona, akaliona boksi.

"Nilisema msichape," akasema.

"Hatukuchapa, sir."

Niliukata utepe wa boksi kwa mkasi wa Owiti. Akainama, akashika ya juu, akaitazama milia iliyofifia, akaigeuza akaona namba moja, akaliona tundu la begani. Kisha akaitandaza kifuani na kusoma maneno kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayehakikisha karatasi ya mteja.

"Haina mwaka," akasema.

"Hukutaka mwaka, sir."

Akaivaa juu ya shati lake. Kwa mara ya kwanza niliona mtu ambaye saizi ile inamtosha. Zile sita akazibeba mikononi akaingia nazo, na nilisikia yule aliyepiga picha akilia kama mtoto, au akicheka, nyuma ya ukuta haikutofautika.

Madam Ruth alitoka upande wake baadaye kidogo. Alisimama mbele ya boksi lake lililofungwa. Nilimuuliza kama ilivyo desturi. Akasema kata. Akaenda hadi kwenye lifti, na hapo akakutana na Mista Ken akiwa na ile fulana yenye tundu mwilini. Waliongea kwa muda, sikusikia nini. Lifti ilifunguka na kujifunga mara mbili bila mtu kuingia. Kisha Madam Ruth akarudi kwangu.

"Zangu zina mwaka?" akauliza.

"Hazina, madam."

"Kata," akasema. "Bakiza kumi na moja."

Kesho yake nilikata ishirini na tisa. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kwenye meza ile, na mkono ulikwenda wenyewe. Matambara mekundu yako kwenye ndoo ya kawaida. Zile nyingine ziko chini ya meza, nyuma ya kopo la rangi nyeupe. Ssalongo atazifuata Ijumaa. Zipigeni namba kwanza. Mkasi uko kulia, msiunoe kwa jiwe la marumaru. Na mtu akiwauliza kama hao wekundu walipanda, mwambieni bado.